Nina 38,000 na EliteBook 840 G3 inayokwama nikihariri video: niiongezee nguvu au niibadilishe?

Binti_Kasarani (mwenye uzi), Jumatatu usiku

Habari za usiku wadau. Naomba ushauri, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kujibu kwa sababu pesa ninayoizungumzia nikiipoteza sina nyingine.

Nasomea filamu na utangazaji hapa Nairobi, mwaka wa pili. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G3 ya ex-UK (iliyotumika Uingereza): prosesa ya Intel i5-6300U, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8, diski ya SSD ya GB 256 ambayo imebaki na GB 30 hivi. Mama alininunulia nilipoingia chuo, kwa pesa za chama chake cha akiba. Imenibeba vizuri. Kazi za darasani nilizopiga kwa simu nimezihariri humu humu kwa Premiere Pro, programu ya kuhariri video, chuo kina leseni.

Mwezi uliopita nimepata kazi mbili za kulipwa, za kwanza maishani mwangu. Moja ni kwaya ya kanisa letu, dakika 40, imepigwa kwa simu mbili. Nyingine ni ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) iliyofanyika Limuru. Mpiga picha ana kamera ya Sony ya kisasa, amenikabidhi diski yenye dakika 90 za picha. Hii ya Limuru ndiyo inayoninyima usingizi. Nikiweka klipu kwenye taimlaini (ule mstari wa kupangia klipu) na kubonyeza icheze, picha inaganda, sauti inaendelea peke yake, feni inapiga kelele hadi jirani anasikia, kisha Premiere inajifunga. Jana nimekaa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 8, nikapata sekunde 50 zilizokamilika.

Jumamosi nilienda mjini. Duka moja Luthuli Avenue waliniambia niongeze RAM ifike 16 na shida itaisha. Duka lingine Moi Avenue walisema niwaachie hii, niongeze 25,000, wanipe ThinkPad T480 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8. Mwenzangu wa chumba anasema nisiguse kitu, niweke akiba ninunue MacBook. Kila mtu ameongea kwa uhakika, nami nimerudi na kichwa kizito kuliko nilivyoenda.

Nina 38,000. Kati ya hizo, 20,000 mama amenikopea kutoka chama chake na lazima arudishe. 18,000 ni akiba yangu. Ruracio natakiwa kuikabidhi baada ya wiki 3. Nifanye nini?

Mjanja_wa_Donholm

Dadangu, uza hiyo kitu. Tafuta MacBook Air M1. Nilihamia huko mwaka juzi na sijawahi kusikia feni tena, haina hata feni yenyewe. Betri inakaa kutwa. Usimwage pesa kwa mashine ya 2016.

Binti_Kasarani

Nilizoulizia zilianzia 65,000, kakangu. Sina hizo, na siwezi kuchukua mkopo wa simu.

Mjanja_wa_Donholm

Usichukue, hapo nakubaliana nawe kabisa. Basi subiri.

Fundi_Ghorofa_ya_Pili

Mimi natengeneza laptopu, niko karibu na Luthuli miaka 11 sasa. Wateja wa kuhariri video nawapata kila wiki, na wengi hufika wakiwa wameshauziwa dawa kabla ya kupimwa. Kwa hivyo sitakwambia ununue wala usinunue. Kwanza nipe vipimo.

Fungua Premiere na ile klipu ya Limuru, uicheze. Wakati inacheza fungua Task Manager, upande wa utendaji, uniandikie mambo manne: prosesa iko asilimia ngapi, RAM imetumika ngapi kati ya ngapi, diski iko asilimia ngapi, na ukibonyeza kwenye kadi ya michoro, ule mchoro wa kusimbua video (kuifungua video iliyobanwa ili ionekane) umepanda au umelala sakafuni.

Halafu rudia hayo hayo na klipu ya simu ya kwaya.

La mwisho, pakua MediaInfo, ni ya bure. Iburutie faili moja la Sony na moja la simu, uninakilie inachosema kuhusu video. Tutajua kinachokwama ni nini. Kuna tofauti kubwa kati ya mashine iliyochoka na mashine iliyopewa mzigo ambao haikuumbwa kuubeba.

Na hakikisha umechomeka chaji ya 65W ya kweli. Baadhi ya laptopu zikiona chaji dhaifu au zisiyoitambua, hupunguza kasi ya prosesa zenyewe bila kukuambia.

Binti_Kasarani, Jumanne mchana

Nimefanya. Chaji ni 65W, ni ile ile iliyokuja nayo.

Klipu ya Limuru: prosesa 100% muda wote. RAM 6.9 kati ya 7.9. Diski 3%, na mara nyingine sufuri. Ule mchoro wa kusimbua video umelala, hausogei kabisa.

Klipu ya simu: prosesa kati ya 45 na 60%, RAM 5.8, diski 2%, mchoro wa kusimbua unapanda hadi 30 hivi. Inacheza vizuri.

MediaInfo kwa Sony inasema HEVC, 3840 kwa 2160, fremu 50 kwa sekunde, 4:2:2, biti 10. Kwa simu inasema AVC, 1920 kwa 1080, 4:2:0, biti 8, na kwenye fremu inasema ni za kubadilika.

Fundi_Ghorofa_ya_Pili

Ahsante, umefanya kazi safi. Jibu liko hapo. Diski haina kosa, iko 3%. RAM inakaribia kujaa na nitairudia, lakini siyo inayokugandishia picha. Prosesa ndiyo inayokufa, na inakufa kwa sababu imeachiwa kazi peke yake: ule mchoro uliolala ndio ushahidi.

Ndani ya prosesa za Intel kuna kipande maalum cha kusimbua video, Quick Sync. Kifikirie kama king'amuzi cha TV. Mnakumbuka 2015 analogia ilipozimwa Kenya? Ulikuwa na TV nzuri ya inchi 32, lakini bila king'amuzi kinachoelewa mawimbi mapya ilikuwa kioo tu. Hiki cha kizazi chako cha 6 kinaelewa H.264, ndiyo ile AVC ya simu yako, na HEVC, namna mpya zaidi ya kubana video, ya biti 8. Cha kizazi cha 7 kikaongeza HEVC ya biti 10, lakini ya 4:2:0, inayohifadhi taarifa chache za rangi kuliko 4:2:2. Hiyo 4:2:2 ya biti 10 ambayo Sony amekupa, Intel walianza kuielewa kwenye baadhi tu ya prosesa za kizazi cha 10, na ukitaka uhakika ni kuanzia kizazi cha 11.

Sasa rudi kwa yule wa Moi Avenue. T480 ni mashine nzuri, nimeuza nyingi. Prosesa yake ina koa 4, yaani vitengo vinne vya kufanya kazi kwa pamoja, yako ina 2. Lakini ni kizazi cha 8. Ungempa 25,000 pamoja na laptopu yako, ufike Kasarani, ufungue klipu ya Limuru, na ule mchoro ungelala vile vile. Ungepata nafuu ya zile koa mbili za ziada, picha ingeganda kidogo kuliko sasa, lakini bado ingeganda.

Dereva_wa_Pikseli

Kwani si atafute laptopu ya michezo yenye kadi ya NVIDIA? GTX 1650 iliyotumika si ghali sana siku hizi.

Fundi_Ghorofa_ya_Pili

Kwa rangi na madoido ya picha ingemsaidia. Kwa faili hili, hapana. NVIDIA wenyewe waliingiza usimbuaji wa 4:2:2 kwenye mfululizo wa RTX 50, mwaka 2025. Kadi zote za kabla ya hapo haziugusi. Watu wamenunua mashine za laki na nusu wakashangaa faili za kamera zinaganda, na laptopu nyembamba ya ofisini ya kizazi cha 11 inazicheza.

Dereva_wa_Pikseli

Hilo sikulijua. Nimejifunza.

Mhariri_wa_Harusi

Binti, hongera kwa kazi hizo mbili. Mimi nahariri harusi na ruracio tangu 2014, na nilianza na laptopu dhaifu kuliko yako, kwa hivyo nakuandikia kwa urefu.

Kwanza uelewe kwa nini faili hilo ni zito, kwa sababu watu wengi huangalia ukubwa wa GB na kudhani hapo ndipo uzito ulipo. HEVC haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, halafu zinazofuata inaandika tu kilichobadilika: mkono umesogea, bibi amegeuka, moshi wa jikoni umepanda. Ukiweka mshale katikati ya klipu, mashine haiwezi kukuonyesha fremu hiyo moja kwa moja, inarudi hadi ile kamili ya karibu na kujenga upya zote za katikati. Ndiyo maana kutazama kunaweza kwenda lakini kuhariri kunakwama, maana mhariri anarukaruka. Sasa zidisha hayo kwa 4K, ambayo ni pikseli mara nne ya 1080, kisha mara fremu 50 kila sekunde.

Dawa ni proksi. Unatengeneza nakala ndogo ya kila klipu, katika kodeki (namna ya kubana video) ambayo kila fremu inasimama yenyewe, unahariri kwa nakala hizo, na mwisho programu inarudi kwenye faili halisi wakati wa kutoa video. Premiere inalo jambo hili ndani yake. Chagua klipu zote, bonyeza kulia, tafuta mahali pa proksi, chagua ProRes Proxy, ukubwa wa robo. Robo ya upana na robo ya urefu wa 4K ni 960 kwa 540. Kwa dakika zako 90 zitakula kama GB 15 tu, zitatosha hata kwenye hizo 30 ulizobaki nazo. Kisha weka kile kitufe cha kuwasha na kuzima proksi chini ya dirisha la video, ili uone wakati wowote uko wapi.

Kuzitengeneza kutachukua muda mrefu, sitaki kukudanganya. Jaribu klipu ya dakika 10 kwanza ujue kasi yako, halafu zile nyingine ziache usiku. Hakikisha tokeni za stima zinatosha, zima ule mpangilio wa laptopu kulala, na uiweke mezani, siyo kitandani. Inua nyuma kwa vitabu viwili ipumue.

La pili ni ile kwaya. Umesema fremu zinabadilika. Simu hupunguza na kuongeza fremu kulingana na mwanga. Ukiziweka klipu mbili za dakika 40 sambamba, mwanzoni midomo itaenda na sauti, na kufikia wimbo wa mwisho waimbaji watakuwa wanafunga midomo kabla ya sauti kuisha. Pitisha zote mbili kwenye programu ya HandBrake, ni ya bure, uchague fremu zisizobadilika, 30 kwa zote, ndipo uzilete Premiere. Nilijua hili baada ya kukabidhi video ya kwaya iliyoteleza, na mwalimu wa kwaya alinipigia simu kwa huzuni, siyo kwa hasira. Ingekuwa hasira ingeniuma kidogo.

La tatu halina gharama hata ya shilingi. Mpigie yule mpiga picha. Kamera yake ya Sony ina zaidi ya mpangilio mmoja. Hiyo aliyotumia ni XAVC HS. Akiweka XAVC S, 4:2:0, biti 8, anapata H.264, ambayo king'amuzi cha laptopu yako kinaielewa. Akiweka 1080 badala ya 4K kwa kazi ambayo familia itaitazama kwenye simu na TV ya sebuleni, nyote wawili mtalala mapema. Wapiga picha wengi huweka mpangilio wa juu kabisa wakidhani wanakutendea wema. Hawajui wewe unaumia hadi uwaambie.

Binti_Kasarani

Dada, nimesoma mara tatu. Ahsante sana. Swali: nikihariri kwa picha za 540, nitajuaje kama picha halisi iko makini na haijatia ukungu?

Mhariri_wa_Harusi

Unazima proksi, unaangalia fremu moja ikiwa imesimama, unaiwasha tena. Fremu moja laptopu yako inaiweza. Ni mwendo ndio haiuwezi. Na rangi pia uzifanye ukiwa umezima proksi, fremu moja moja.

Mzee_wa_Mkanda

Mwanangu, pokea salamu. Nilihariri vipindi vya televisheni enzi za mikanda, nimestaafu. Nakusoma na kuona unadhani kuhariri kwa nakala ni njia ya maskini. Sivyo. Katika filamu za seluloidi mhariri hakuruhusiwa hata kugusa negativu halisi. Alikata nakala, akakosea kwenye nakala, akaunganisha nakala kwa mkanda wa gundi, na alipomaliza ndipo negativu ikakatwa kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni. Kwenye video nasi tulifanya vivyo hivyo: chumba cha bei nafuu kwa kuamua, chumba cha bei ghali kwa kumalizia. Kwa hiyo fanya kazi yako bila aibu.

Jambo moja tu. Umesema picha zote za watu wa Limuru ziko kwenye diski moja. Hiyo siku haitarudiwa. Kabla ya yote hayo wanayokuambia, tengeneza nakala ya pili.

Fundi_Ghorofa_ya_Pili

Mzee ameongea. Hilo lifanyike leo.

Narudi kwenye RAM kama nilivyoahidi. 6.9 kati ya 7.9 siyo nzuri. Adobe wenyewe wanataja GB 8 kama kiwango cha chini kabisa, 16 kwa video za HD, 32 kwa 4K. Ukiwa na proksi unafanya kazi kama ya HD, kwa hivyo 16 inakutosha. Na kuna sababu ya pili. Kadi yako ya michoro haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya mashine. Kama hiyo GB 8 ni stiki moja, RAM inapita njia moja tu. Ukiweka stiki mbili zinapita njia mbili kwa wakati mmoja, na kadi ya michoro ya ndani huihisi tofauti hiyo kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo yule wa Luthuli hakukudanganya kwamba RAM itasaidia. Alikosea kusema shida itaisha.

Lakini bei. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda dunia nzima, viwanda vinahudumia kwanza vituo vya data vya akili bandia. Ukiambiwa bei ya mwaka 2024 na muuzaji anayetabasamu, iangalie stiki hiyo vizuri.

Askari_wa_Windows

Naingilia kidogo, hakuna aliyetaja hili. Windows 10 ilifika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 cha Intel. 840 G3 haimo. Kila shilingi anayoweka kwenye mashine hii anaiweka kwenye nyumba ambayo mwenye ploti ameshatoa notisi. Ningekuwa yeye ningehama sasa.

Fundi_Ghorofa_ya_Pili

Hoja yako ni ya kweli, na ndiyo sababu simwambii afanye hii kuwa mashine ya miaka mitano. Lakini ahamie wapi na 38,000? Kizazi cha 8 kitampa Windows 11 na kumwacha na shida ile ile ya Sony. Kizazi cha 11, tuseme EliteBook 840 G8, niliuliza maduka matatu wiki hii na zilianzia 48,000. Hafiki.

Kwa hiyo ninachomshauri ni kununua vitu ambavyo vitahama naye. Binti, sikiliza hapa vizuri. 840 G3 ina nafasi mbili za RAM ya DDR4, na 840 G8 pia ina nafasi mbili za DDR4. Nunua stiki ya kasi ya 3200. Kwenye G3 itajishusha yenyewe hadi 2133 na kufanya kazi bila neno. Siku ya kuhamia G8, unaichomoa na kwenda nayo, inarudi kasi yake.

Diski vivyo hivyo. Kama SSD yako ya 256 ni ile bapa ya inchi 2.5, basi ile nafasi ndogo ya M.2 iko tupu. Usinunue nyingine ya inchi 2.5, kwa sababu G8 haina mahali pa kuiweka. Nunua SSD ya NVMe, ile nyembamba ya M.2, ya urefu wa 2280. Inaingia G3 leo, inaingia G8 kesho. Wauzaji watakupa ya inchi 2.5 kwa sababu ndiyo imejaa kwenye kabati.

Na ukienda kununua hiyo G8 baadaye, fungua Device Manager uone jina la kadi ya michoro. Kwa zile za i5 na i7, ikiwa na stiki moja ya RAM itajiita Intel UHD. Ikiwa na mbili itajiita Iris Xe. Mashine ni ile ile. Wengi hukataa mashine nzuri au kupunja bei kwa kutojua hilo, na wengine huuziwa stiki moja kwa bei ya mbili. Andika pia powercfg /batteryreport kwenye lile dirisha jeusi la amri, uone betri imebaki na uwezo gani ikilinganishwa na ilivyotoka kiwandani. Izime na uiwashe uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ikikuomba neno la siri ambalo muuzaji hanalo, mrudishie mashine yake.

Askari_wa_Windows

Hapo nimekubali. Ila mpaka uhame, usitumie laptopu hiyo kufungua viambatisho usivyovijua, na uandikishe ule mpango wa Microsoft wa kuongezewa masasisho ya usalama.

Mjanja_wa_Donholm

Bado nasema M1 ingesoma faili hizo za Sony bila proksi.

Fundi_Ghorofa_ya_Pili

Ingesoma, nakupa haki yako. Ina king'amuzi chake. Lakini RAM na diski zake zimegandishwa kwenye bodi. Ukinunua ya 8 na 256 utakufa nayo ya 8 na 256, na mwanafunzi wa filamu hujaza 256 kwa muhula mmoja. Akifika bei hiyo, aangalie zote mbili.

Binti_Kasarani, Jumapili jioni

Nimerudi na habari.

Jumatano nilinunua diski ya nje iliyotumika, nikanakili picha zote za Limuru. Diski ile ya nakala nilimpa mama akaiweka kabatini Kayole. Mzee, ahsante, nililala.

Proksi: klipu ya dakika 10 ilichukua saa 1 na dakika 5. Nikahesabu, nikaziacha nyingine kuanzia saa 3 usiku. Asubuhi niliamka saa 12 bado inaenda, feni inavuma vibaya. Zilimalizika karibu saa 2. Lakini nilipofungua taimlaini na kubonyeza icheze, ilicheza. Niliburuta mshale huku na huku kama mtoto na swichi ya taa, nao ukanifuata. Ndani ya saa 3 nilikuwa nimepanga sehemu yote ya wazee kuingia na kukaribishwa.

Mpiga picha nilimpigia. Alinyamaza kidogo nikadhani amekasirika, kisha akaniambia hakuna mhariri aliyewahi kumwambia jambo hilo, na kwamba kazi inayofuata atatumia XAVC S. Ameniuliza kama naweza kumhariria harusi ya mwezi ujao.

Sasa naenda mjini kesho. Fundi, naweza kukuletea wewe?

Fundi_Ghorofa_ya_Pili

Nitumie ujumbe wa faragha. Lakini hata kama utaenda kwingine, vumbi litolewe kwanza na pasta ya prosesa, ile ya kupitisha joto, ibadilishwe. Ule mvumo unamaanisha mashine inajipunguza kasi ili isiungue. Usinunue RAM kabla ya hilo.

Binti_Kasarani, Jumanne

Imefanyika. Naandika hesabu yote kwa sababu kuna mtu mwingine atakuja hapa na swali kama langu.

Diski ya nje iliyotumika, 3,500. Kusafisha na pasta, 1,500. Vumbi lililotoka kwenye feni lilikuwa limefungamana kama kitambaa. Stiki ya GB 8, 3200, iliyotumika, 6,000. Tuliipima usiku mzima kabla sijalipa. NVMe ya GB 500, 7,000. Maduka mawili kweli walitaka kunipa ya inchi 2.5, nikakataa. Jumla ni 18,000, ndiyo ile akiba yangu.

Nimepima tena kwa njia ile ile. Klipu ya proksi, prosesa 35 hadi 40%, RAM 9.2 kati ya 15.9. Nikarudia ile klipu halisi ya Sony bila proksi ili nijue ukweli: prosesa bado 100%, mchoro bado umelala, picha bado inaganda, ingawa Premiere haijifungi tena. Kwa hiyo kama ningenunua RAM peke yake Jumamosi ile, ningerudi nyumbani na shida yangu.

Kwaya nimeipitisha HandBrake. Midomo inaenda na sauti hadi amina ya mwisho.

Mhariri_wa_Harusi

Hapo sasa. Ruracio utaitoa lini?

Binti_Kasarani

Ijumaa usiku, naiacha itoe kutoka faili halisi. Ni dakika 24, nimekadiria itachukua saa 3 hivi, na nimeweka tokeni. Jumamosi naipeleka Limuru mwenyewe, familia imesema wataitazama pamoja nami.

Na zile 20,000 za chama nimemrudishia mama leo asubuhi. Alizihesabu mara mbili, akaniuliza laptopu mpya iko wapi.

Mzee_wa_Mkanda

Ukifika Limuru, kaa nyuma yao. Usitazame video, watazame wao. Kisha urudi hapa utuambie walinyamaza wapi.